Safari ya Mbita Kuitetea Kampuni ya Vyungu

Niliondoka Kondele, Kisumu, kwa hasira, na sioni haya kulisema. Rafiki yangu Atieno, mwalimu wa jiografia, alikuwa ametutumia meseji kwamba Jumapili hiyo ziwa litapanda na kuimeza Kampuni yetu, vyungu vyote, na tusimuulize kwa nini. Tukamuuliza. Simu ikaita, hakushika. Tukapiga tena, akaizima. Mimi ni mshonaji nguo, nimezoea wateja wanaobadilisha mawazo kitambaa kikishakatwa, lakini rafiki kunizimia simu? Hilo sikuwa nimelizoea.

Ninyi wa nyumbani mtauliza ni kampuni gani hiyo, maana hamjawahi kuniona ofisini. Ni kampuni ya mchezo. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukikutana nyuma ya duka langu: Atieno, Okello kinyozi, Mama Vera wa mitumba, na mimi. Atieno husimulia dunia aliyoitunga, sisi tunasema watu wetu wanafanya nini ndani yake, na dadu inaamua kama tumefaulu au tumeumbuka. Katika dunia hiyo maangamizi yamekwisha kupita. Stima imekufa, taa haziwaki, minara ya simu imeanguka, magugu ya ziwani yamekuwa msitu wenye wanyama wasio na majina. Watu waliobaki wanaishi ufuoni, na anayewaunganisha ni Kampuni ya Vyungu. Unasema neno ndani ya chungu huku Kisumu, unafunika. Pacha wake, aliyefinyangwa kwa udongo huohuo, anafunuliwa Mbita, na sauti yako inatoka kama ulivyoisema. Ni uchawi, ndiyo, na mchungaji wangu hajui. Bei yake ni kwamba aliyetuma hukaa bubu mpaka jua lizame.

Mkurugenzi wa Kampuni hiyo ni mimi. Dukani kwangu mteja ndiye anayeamua mkono uwe mrefu au mfupi. Kule naamua mimi: nani aende na chungu, nani alinde njia, ufuo gani usaidiwe kwanza. Atieno alipohamishwa kwenda kufundisha karibu na kwao Mbita, tuliendelea kucheza kwa simu, mtandao ukikatika tukingoja. Kwa hiyo Kampuni ikifa, nilijua sitapoteza mchezo tu. Kamba iliyobaki kati yangu na Atieno ilikuwa hiyo, na nilikwenda kuishika kabla haijakatika.

Jumamosi asubuhi nilifunga duka, nikamwachia Okello ufunguo. "Nyar Kano, usiende kupigana," akaniambia. Wananiita hivyo, binti wa Kano, kwa sababu nilizaliwa upande wa Ahero. Nikamwambia siendi kupigana, naenda kuuliza. Alitikisa kichwa akarudi kwa kichwa cha mteja wake.

Kutoka Kisian barabara inaacha ile ya Busia na kuingia kushoto. Nilipata gari la jamaa anayepeleka soda madukani, akanipa kiti cha mbele kwa sharti nisimnyamazie, usingizi usimchukue. Nilimsimulia Kampuni nzima mpaka Kombewa. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na mtu akituma matusi, chungu kinabeba?" Nikamwambia kinabeba. Akasema basi hiyo biashara ingemaliza familia yake ndani ya wiki moja. Ndori tulikata tena kushoto, na baada ya muda ziwa likaonekana chini, jeupe kwa jua, na mawe makubwa yamejaa kwenye mashamba.

Luanda Kotieno nilikuta feri haijafika. Upepo ulikuwa umesukuma magugu mpaka gatini, ikabidi ingojwe ipate pa kupita. Nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu alizotandaza chini.

"Unaenda Mbita kufanya nini, mama?" akaniuliza.

"Kazi ya kampuni."

"Kampuni ya nini?"

"Ya kupeleka sauti za watu."

Akasimama, mkono kiunoni. "Aa, ya network. Afadhali umekuja. Hapa mtu akitaka kuongea lazima apande kwa ile mawe pale. Waambie walete hata hapa."

Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba kampuni yangu ni ya dadu. Nikaahidi nitawaambia. Na kwa kweli, nilipoyatazama yale mawe, nikamwona kijana amesimama juu na simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili, niliona Atieno hakuitoa dunia yake mbali. Feri ikaja saa sita ikiwa na ng'ombe, pikipiki na wanakwaya waliovaa sare.

Majini nilipanga maneno yangu. Nilikuwa nayo mengi, na makali. Ningemwambia kitu kilichojengwa na watu wanne hakibomolewi na mmoja. Ningemwambia rafiki haagwi kwa meseji. Wanakwaya waliimba njia nzima, nami nilikuwa nikisema yangu kimoyomoyo, mpaka mnong'ono ukanitoka na dada wa soprano akanigeukia. Nilijua Atieno ana mama mgonjwa. Alikuwa ametuambia presha inamsumbua. Lakini nani hana mama mwenye presha?

Mbita nilipofika, boda alinipeleka mpaka nyumba ya mabati ya bluu juu ya kilima kidogo, ambako unaona daraja la Rusinga. Atieno alitoka, akanitazama kama mtu aliyeshikwa. Amekonda, nikaona. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Karibu. Ingia, utakula."

Mnajua desturi yetu. Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mgeni anayeanza na shida yake kabla ya chakula ametukana nyumba. Basi nikakaa, hasira yangu nimeikalia. Kwa ile adabu namshukuru aliyeianzisha, awe ni nani, kwa sababu ningesema niliyoyapanga, leo nisingekuwa na uso wa kuwaandikia.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha. Huyu mama alikuwa akiuza samaki ufuoni miaka yote, na akiita wanunuzi, watu walioko kwenye mitumbwi walikuwa wanageuka. Sasa mkono wake wa kulia umelala mapajani. Nilimsalimia, "Osaore, Mama." Midomo ikatikisika, sauti haikutoka.

"Ni kiharusi," Atieno alisema upesi. "Anasikia kila kitu. Kusema tu ndiyo imekataa. Mama anasema karibu sana."

Presha tuliyokuwa tukiambiwa ilikuwa hii.

Chakula kikaja, ngege wa mchuzi na ugali wa mtama. Atieno alimlisha mama yake, akawa anamsemea. Mama anasema habari za Kondele. Mama anasema nyumba yake si kubwa, nisijali. Mama anasema niongeze samaki. Alikuwa anasema haraka, kwa sauti ya furaha ambayo si yake. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala na yule mama, na nilichoona kilinifanya nipunguze kutafuna. Kila Atieno aliposema "Mama anasema," mama alifumba macho kidogo, kama mtu anayevumilia kiatu kinachobana. Aliposema niongezewe samaki, mama alilisukuma bakuli kwa mkono wa kushoto, si upande wangu, upande wa Atieno ambaye hakuwa amekula kitu. Atieno akalirudisha kwangu. "Unaona, anasisitiza," akasema.

Baada ya kunawa nilikuwa huru kusema, na maneno yote ya ferini yalikuwa yamenitoka. Nikauliza tu, "Kwa nini unaifunga?"

Atieno alitazama mikono yake. "Ile sheria, ya mteja kuwa bubu. Niliitunga mimi, Nyar Kano. Niliona ni kitu kizuri, mnakumbuka mlivyocheka Okello akikosa sauti siku ya harusi yake ya kwenye mchezo. Halafu mama akaanguka. Jioni ile nilikaa kando ya kitanda nikingoja jua lizame, mimi, mwalimu mzima, nikingoja sauti irudi. Haikurudi." Akanigeukia. "Wewe unaenda kanisani. Niambie si mimi niliyeileta."

"Si wewe," nikamwambia. "Ni presha. Usimpe shetani kazi ya daktari."

Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. Nami niliumia kwa jinsi nilivyokuwa nimekuja kutetea kampuni ya kubuni mbele ya mtu wa kweli. Nikasema, "Basi tuifunge. Lakini tusiifunge kwa meseji. Tuifunge hapa, mezani, kama watu." Nikatoa dadu kwenye mkoba. Nilikuwa nimezibeba nikitaka kumrudishia kwa ukali.

Jioni ilikuwa bado mbali. Tukasogeza meza karibu na dirisha ili mama asikae peke yake. Atieno akaanza kusimulia, na uchawi wake ukarudi sautini, ule wa kweli. Ziwa linapanda. Maji yamefika kwenye ghala la Kampuni. Watu wa ufuoni wanakimbia na vyungu vyao vya mwisho. Akaniuliza mkurugenzi anafanya nini. Nikasema mkurugenzi amesimama mlangoni, anapokea kila mteja.

Ndipo mama akagonga meza, mara mbili, kwa vidole vya kushoto. Tukageuka. Amenyoosha mkono kwenye dadu.

"Mama anataka kulala," Atieno akasema.

Mama akagonga tena, kwa nguvu.

"Mteja amefika," nikasema mimi, na nikamsogezea dadu.

"Nyar Kano, mama hawezi..."

"Mwalimu, mimi ndiye niko mlangoni. Simwulizi mtu mwingine."

Mama akatupa dadu. Sikumbuki zilianguka vipi na hakuna aliyezitazama, kwa sababu alikuwa amelivuta lile bakuli la mchuzi, tupu, akaliweka chini ya kidevu. Akainama. Akavuta pumzi, akaitoa ndani ya bakuli, ndefu, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Kisha akalifunika kwa kiganja chake kizima na kumtazama binti yake.

"Mama anasema..." Atieno akaanza, akakwama.

Nje pikipiki ilipita.

"Anasema nini?" nikauliza taratibu.

"Sijui," akasema. "Sijui, Nyar Kano. Sijawahi kujua. Miezi hii yote nimekuwa nikibuni tu."

Mama akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sijaona mtu akifurahi hivyo kwa kuambiwa kwamba haeleweki. Atieno alilaza kichwa mezani akalia kwa sauti, na mama, bila kuutoa mkono kwenye bakuli, alimwegemea mpaka shavu lake likamfikia nyweleni. Mimi nilitazama daraja. Nililia pia, mnipe haki yangu.

Tulipotulia nilisema, "Mwalimu, kuna tatizo la kazi. Ulitunga mwenyewe kwamba Kampuni haiwezi kufungwa ikiwa na ujumbe wa mteja ambao haujafika."

Akafuta uso kwa leso. Akachukua sahani, mama akaondoa kiganja, naye akalifunika bakuli vizuri na kuliweka juu ya kabati. Hakuniambia Kampuni imepona. Alisema, kwa ile sauti ya kusimulia, "Maji yamefika kizingitini. Yamesimama." Jioni ile alikula, na mama alimwangalia kila tonge.

Jumapili nilirudi kwa kuzunguka, Homa Bay, Kendu Bay, mpaka Ahero. Asubuhi kabla ya kuondoka nilimuaga mama, na hakuna aliyenitafsiria. Alinishika mkono, nikakaa nao mpaka aliponiachia. Sijui aliniambia nini. Njiani nilijaribu maana kadhaa, kisha nikaziacha, maana zote zilikuwa zangu.

Ahero maji ya mvua yalikuwa yamelala kwenye mashamba ya mpunga hata huoni mipaka. Nilikuwa nimeinama kwa mama wa mchele, nachagua, simu ikalia. Atieno. Nikashika. "Haloo?" Kimya. Nikafikiri ni mtandao, nikataka kukata nipige tena, ndipo nikaisikia: pumzi, ndefu, na ule mkwaruzo mwishoni.

"Madam, unachukua au huchukui?" muuza mchele akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Malori yalikuwa yanapita, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikasimama hapo kando ya barabara. Sikuuliza anasemaje. Nilisikiliza mpaka alipomaliza.