Rika Nililopewa na Mjomba

Kwanza kulikuwa na kiboko. Najua hamkufungua ukurasa huu kutafuta kiboko, lakini mimi nikianza habari mahali pengine huwa napotea, basi nivumilieni. Nilikuwa mdogo, hata meno ya mbele sikuwa nayo. Kiboko mmoja mzee alitoka mtoni usiku, akaingia shamba la jirani yetu, akala mahindi mpaka kurudi kukamshinda. Asubuhi tukamkuta amelala katikati ya njia ya dikoni, pale tulipokuwa tukifunga mitumbwi, anakoroma kama mtu aliyetoka arusini. Wanawake wakasimama na mitungi yao upande wa kijiji. Waliokuja kwa mitumbwi wakabaki upande wa mto. Baba yangu, aliyekuwa hai bado na alikuwa mtu wa mzaha, akasogea kidogo akamwuliza yule mnyama kwa sauti ya karani wa serikali, "Bwana mkubwa, kodi umelipa, au ndiyo umekimbilia kwetu?"

Watu wakacheka mpaka mtungi mmoja ukaanguka ukavunjika. Mwenye mtungi akamtukana baba, na baba akazidi kucheka. Jua lilipokuwa kali kiboko akainuka mwenyewe, akatupita bila kututazama, akaingia majini.

Sasa, katika wale waliokuwa wakingoja upande wa mto palikuwa na kijana wa kaptura, sanduku la bati kichwani, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Alikuwa mtu wa Taita, wa milimani, na mto kama wetu hakuwahi kuuona. Alipokanyaga nchi kavu neno lake la kwanza lilikuwa, "Jamani, kila siku mnapishana na hawa?"

Baba akamjibu, "La, siku nyingine sisi ndio tunaowazibia njia wao."

Huyo kijana alikuwa mwalimu wetu mpya. Ndivyo nilivyomjua. Na niseme mapema, mwalimu yule sina ugomvi mkubwa naye. Mdogo ninao, nitaufikia.

Baba hakukaa sana baada ya hapo, homa ikamchukua. Mimi na mama tukahamia kwa mjomba wangu, kaka yake mama, chini kidogo ya mto, si mbali na Wema. Mjomba alikuwa na shamba kubwa la mpunga na mtoto wa kiume wa umri wangu. Umri wangu kabisa. Tulizaliwa msimu mmoja, na mama ndiye aliyetunyonyesha sote wawili, kwa sababu mke wa mjomba aliugua baada ya kujifungua, mtoto akaletwa kwetu. Mama alizoea kusema, "Huyu ziwa la kulia, huyu la kushoto," na kila mara alisahau nani wa kulia.

Hapo lazima nieleze jambo moja kwa asiyekuwa wa kwetu. Siku zile hatukuhesabu miaka. Mtu alihesabiwa kwa wenzake wa jando. Ukiingia jandoni pamoja na fulani, wewe na fulani ni rika moja, hata kama yeye ana ndevu na wewe bado unalala na mama yako. Mjomba alinitia jandoni mapema, pamoja na vijana waliokwisha kuanza kutafuta wachumba. Alisema nyumba ya mjane inahitaji mwanamume. Mwanawe akamwacha, akasema huyo bado mchanga. Mimi nilifurahi jamani! Nilipotoka nikaanza kula katika sinia ya wanaume, na binamu yangu nikamwita "we mtoto". Naye akaniitikia "labeka, mzee," akinicheka. Hatukujua tunachocheka.

Basi shule yetu, ambayo ilikuwa ile ile ya yule mwalimu wa Taita, ilipopata madarasa ya kati, mwalimu akaanzisha masomo ya nyongeza. Alichagua wavulana wachache, mimi na binamu yangu tukiwemo, akatuambia tutabaki kila alasiri wenzetu wakienda zao. Alisema sekondari iko mbali, pwani, na mtu wa kwetu akifika kule atachekwa kama hakutayarishwa. Kwa hiyo alitutayarisha. Tulifanya hesabu za sehemu mpaka macho yakauma. Tulichora ramani za nchi ambazo hata leo sina hakika kama zipo. Tulizungumza Kiingereza, na aliyeteleza akasema Kipokomo chetu alisimama kwa mguu mmoja. Kisha akaleta mtumbwi uliopasuka, akaufudikiza chini ya mkoma, akasema hii ni meza. Tukachonga uma za vijiti. Tukala muhogo kwa uma juu ya mtumbwi, majani ya mgomba ndiyo sahani.

"Usiuchome kama unaua kambare!" alinifokea. "Upole! Upole!"

Viatu vilikuwa vile vyake tu, pea moja. Kila mmoja alivivaa zamu yake akatembea mpaka ukutani na kurudi. Binamu yangu aliviingiza kulia kushoto, akatembea kama bata, na hakuna aliyemwambia, hata mwalimu, kwa kucheka.

Nitasema bila aibu kwamba mimi nilikuwa mbele ya wote. Si kwa sifa, ndivyo ilivyokuwa. Binamu yangu alikuwa mzito wa hesabu, na mjomba aliniomba nimfundishe nyumbani. Nikamfundisha kwa punje za mahindi, jioni kwa jioni.

Lakini msimu ule mpunga ulikuwa unaiva, na mpunga ukiiva kwetu ndege hushuka kama mvua. Lazima mtu akae juu ya dungu, jukwaa la miti, na kombeo mkononi, apige kelele tangu mapambazuko; ndiko kuamia ndege. Wavulana wengi waliacha masomo kwa ajili hiyo. Mjomba akaniita, akaniketisha kwenye kigoda chake yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mjomba," akaniita hivyo, ndivyo tunavyoitana, "mwanangu kichwa chake wewe unakijua. Sekondari ni yako. Mwalimu ameniambia nyumba moja itatoa mtoto mmoja, na siku ya kikao wakubwa ndio watakaosema. Mimi ndiye nitakayekusemea, baba yako hayupo. Wewe niamie ndege msimu huu tu."

"Na yeye?" nikauliza, nikimaanisha binamu yangu.

"Yeye aende shule, apate angalau kujua kusoma. Wewe hata ukikosa asubuhi utawafikia tu."

Nikaamia. Asubuhi nilikuwa juu ya dungu, sauti imekauka, mikono ina malengelenge ya kombeo. Alasiri nilikimbia kwenye masomo ya nyongeza nikiwa nanuka matope. Mwalimu alinipa nafasi ya mbele hata hivyo. Nilikuwa nikiwapigia kelele ndege kwa Kiingereza ili nisisahau.

Kikao kilifanywa shuleni. Wakubwa walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mama zetu walikaa nyuma, kwenye mkeka. Mwalimu akaeleza kwamba sekondari haichukui aliyezidi umri, watu wazima hawatakiwi kule, na kwa kuwa hatuna karatasi za kuzaliwa, kila mzazi aseme mtoto wake ni rika gani.

Ilipofika zamu ya nyumba yetu mjomba akasimama. Nilijinyoosha. Nilikuwa nimeazima shati.

"Bwana mwalimu," akasema, "mimi nina wawili, na wote ni wangu, simtengi mtu. Huyu mkubwa ana akili, hilo nalikubali. Lakini ni mtu mzima huyu. Wenzake wa jando ni hawa." Akawataja mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa palepale mlangoni, amebeba mtoto wake. "Siwezi kuidanganya serikali. Mwenye umri wa kwenda ni huyu mdogo."

Watu wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Maana ilikuwa kweli! Nani asiyejua nani aliingia jandoni na nani? Mzee mmoja akasema, "Hata ndevu zake ziko karibuni," na wengine wakacheka. Binamu yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mwalimu hakucheka. Akanitazama, kisha akatazama kwenye mkeka. "Mama," akasema, "wewe ndiye uliyemzaa. Hawa watoto hawalingani?"

Ndugu zangu, mama alikuwa amenyonyesha watu wawili kwa wakati mmoja. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyejua hesabu ile kama yeye. Niligeuka nikamtazama. Alivuta upindo wa kanga akajifunika mdomo.

"Kaka ameshasema," mama akajibu.

Basi mwalimu akaandika jina la binamu yangu. Ugomvi wangu mdogo naye ndio huo, kwamba aliandika upesi.

Nyumbani sikumwuliza mjomba kitu. Nilimwuliza mama, akiwa anapeta mchele nyuma ya nyumba.

"Mama, mimi nina umri gani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nambie tu."

Aliendelea kupeta. "Nyumba hii ni ya nani? Mchele huu ni wa nani? Ningesema kaka yangu mwongo mbele ya wanaume wote wale, tungelala wapi?"

"Ungenyamaza basi. Ungesema hujui."

"Ningesema sijui nilimzaa lini mwanangu?" Akanitazama kwa hasira, hasira hasa, kana kwamba mimi ndiye niliyemweka pale kwenye mkeka. "Wewe umeshakuwa mwanamume. Ulipenda mwenyewe."

Asubuhi mjomba alinikuta uani. Alikuwa mchangamfu, amevaa kofia. "Mjomba, ndege wameshashuka," akasema. "Nenda, nitakuletea uji mwenyewe leo." Akanipigapiga begani kama mtu aliyemaliza kazi vizuri na mwenzake.

Nikasema haya. Nikapita njia ya shambani, nikaliona dungu, ndege wamejaa chini yake hata mpunga umeinama. Sikusimama. Nikashika ukingo wa mto mpaka njia ya Garsen, ambako Wasomali wawili walikuwa wanaswaga ng'ombe kupeleka mnadani na wanapungukiwa na mtu wa nyuma. Mmoja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Akanipa fimbo, nikaenda nao, na kwa mjomba sikurudi tena.