Mende wa Siku ya Posa

Mende wana harufu. Wengi hudhani ni ya kabati lililofungwa muda mrefu: nzito, ya unyevu na mafuta yaliyochacha. Ukishaijua, huingii tena jikoni kwa mtu bila kuinusa kwanza. Niliijua nikiwa msichana mdogo, enzi za Mwingereza, baba alipopata ukarani na tukahamia kota za serikali mjini Arusha. Mama alizipenda mno kuta zake nyeupe za chokaa, hata akakataza moto ndani; alipika uani. Masika yalipoanza, mende wakahamia. Nilijifunza kuwatofautisha, maana mtoto mwoga humchunguza adui wake. Wakubwa wekundu walitoka chooni na mitaroni, na kukiwa na joto waliruka. Weusi, wazito, walikaa penye majimaji chini ya mtungi. Hao uliweza kuwakanyaga. Niliowachukia hasa ni wadogo wa rangi ya asali, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wanaojibana kwenye bawaba za kabati. Jike hutembea na kifuko cha mayai mkiani hadi watoto wakaribie kutoka. Ukimwona mmoja mchana, ujue ndani kumejaa.

Masika hayohayo, watu wa Kikatiti walileta posa kwa dada yangu Naomi, naye alimpenda kijana wao kwa moyo wote. Wangekuja kula kwetu. Kwa desturi yetu, mgeni wa posa akila amekubali, asipokula, amejibu. Asubuhi ya siku hiyo bibi, mama yake baba, alifika kutoka Kikwe na kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akasimama mlangoni akinusa.

“Mama Naomi, nyumba haina moshi. Unawafugia nani hawa?”

“Mama, kuta zitaota masizi.”

“Basi leo waolewe mende.”

Akawasha kijinga cha mzeituni mwitu, kama kile cha kufukizia vibuyu vya maziwa, akakiweka kwenye sufuria ndani ya kabati na kufunga mlango wa jikoni. Nyumbani kwake moshi ulipanda kila siku, mende hawakupata pa kuzalia. Kwetu walikuwa wameshazaa. Moshi haukuwaua, uliwafukuza tu. Wageni walipomaliza sala na Naomi akaja na maji ya kunawa, wale wadogo walianza kumiminika chini ya mlango, wakapanda miguu ya meza, wakatapakaa juu ya kitambaa hadi ukingo wa bakuli la loshoro. Shangazi wa kijana alimpangusa mmoja mkononi mwake, taratibu.

“Mama Naomi, mende hata kwetu wapo. Ila wa kwetu hawatangulii wageni mezani.”

Wenzake wakacheka. Wakashukuru, wakanyanyuka, mikono yao mikavu, na Naomi akabaki amesimama na birika.

Leo Mwingereza ameondoka. Nina shahada, chumba cha kupanga chenye umeme, na dawa ya kupuliza inayoua kweli. Naomi aliolewa kwingine na hataji siku ile. Mimi, nisiyepoteza mchumba, ndiye ninayeitafuna: huenda wale watu walikuja na jibu lao tayari, mende wakawapa kisingizio tu. Sijui. Kila Jumamosi nachokonoa bawaba kwa ncha ya kisu, na sijawahi kukuta kitu. Mwenzangu mmoja wa kazini anaomba kuja kunisalimia nyumbani, na ningependa aje. Nimemwambia tena kwamba ninapaka chumba rangi.