Saini za Sokoni Busia

Bartholomew Owori, fundi cherehani wa Rubongi, hakuwahi kuwa hata mwenyekiti wa kijiji, ila aliutaka urais wa Uganda. Ili agombee, alihitaji saini za wapiga kura mia mia kutoka angalau theluthi mbili ya wilaya. Za Busia, wilaya ya mwisho aliyohitaji, alizikusanya sokoni karibu na mpaka wa Kenya, akiwaita wote wanaoteseka na kuchoshwa na wakubwa walewale.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha, karani wa tume ya uchaguzi alizikataa, na ugombea ukaishia hapo. Arobaini zilikuwa za Wakenya wanaovuka mpaka kila asubuhi.

Nereah, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka upande wa Kenya, alicheka alipoambiwa. "Shemeji, si ungeuliza! Uliita wanaoteseka, nasi tukaja."

"Kweli, niliwaita," Owori akasema.

Aliitafuta hasira moyoni, asiione. Akavua koti la kampeni, akaketi, akaanza kutia uzi kwenye sindano.