Mama wa Dirisha la Dawa

Mama anayetoa dawa kwenye kituo chetu cha afya, huku Rubondo, hashiki vidonge kwa vidole. Anavisukuma kwa kisu cha plastiki, vitano vitano, na ukimsalimu kabla hajamaliza kuhesabu hakuitikii. Kila mgonjwa lazima arudie maelezo ya dawa aliyopewa. Siku niliyopewa vidonge vya kulegeza misuli ya mgongo, nilirudia kwa sauti ndogo: kimoja jioni, bila pombe, na nisipande baiskeli, kwa sababu vinaleta usingizi. “Mzee, sema na nguvu,” aliniambia. “Hata hii ukuta isikie!” Watu wa foleni wakacheka, nami nikatazama viatu vyangu.

Nilipoishika bahasha ya vidonge, hakuiachia. “Nyumbani nani mwingine anaumwa mgongo?” Kwetu mtu hamezi dawa peke yake wakati mwenzake anaugua, kwa hiyo nilijibu bila kuficha: “Muke wangu, Orpa. Iko na mimba ya miezi saba. Tutagawana.” Hakunikaripia. Aliweka kisu chini, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu nami ili wengine wasisikie. “Mzee, hii ni ya wewe peke yako. Yeye na mtoto, hapana. Inaweza kuwaumiza. Kesho mlete, daktari amwone.”

Kesho yake nilimleta Orpa. Tulimkuta mama yule katikati ya hesabu, kisu mkononi, nasi tukangoja amalize. Aliinua kichwa, akamwona Orpa, akamsalimu yeye kwanza. Kisha akavirudisha vidonge vyote pamoja, akaanza upya.