Nilivyohamia Uholanzi Bila Kutoka Kampemba

Nataka ieleweke mapema kwamba sikufanya mambo kijinga. Mwalimu mwenzangu pale shuleni alikuwa ameniambia: ukivuta filamu kwa torenti, unapokea vipande kutoka kwa watu usiowajua, na kila mmoja wao anaweza kuona anwani yako ya mtandao. Basi nikanunua VPN, programu ya kuificha anwani hiyo. Ya kulipia, maana ya bure inakuficha kwa wengine halafu yenyewe inakuuza. Nikawasha na ile kufuli yake: VPN ikikatika, torenti nayo inasimama papo hapo. Nikachagua Uholanzi. Nilipojipima, mtandao mzima uliamini kwamba niko Uholanzi, nami nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini kusema kweli, niliyemwogopa ni mke wangu. Tulikuwa na tamthilia yetu kwenye televisheni, kila jioni sehemu moja, umeme ukipenda. Tuliahidiana kwamba hakuna kutazama bila mwenzako. Alipolala matangani wiki nzima, nilizima televisheni mpaka akarudi, akawatangazia majirani kwamba mume kama mimi hayuko Kampemba. Halafu yule binti wa tamthilia akapoteza fahamu hospitalini, na moyo wangu si wa chuma. Nikavuta sehemu zote hadi ya mwisho. Nilizitazama chooni, masikio yamezibwa kwa visikilizi.

Mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kasenga na kikapu cha samaki wa kukaushwa. Mafuta ya samaki yakadondokea kitenge cha mke wangu, naye akachukua simu yangu kutafuta namna ya kutoa doa. VPN ilikuwa inawaka, mimi mpumbavu sikuizima kamwe. Juu ya kioo akasoma Pays-Bas, yaani Uholanzi kwa Kifaransa. Chini yake likatokea tangazo kwa lugha asiyoijua, na picha ya chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja chembamba.

Jumapili baada ya misa nikaitwa sebuleni. Mimi na mama mkwe hatuzungumzi uso kwa uso, ndiyo heshima yetu, kwa hiyo alikaa akitazama ukuta na mke wangu akawa katikati.

"Uulize bwana yako, anaenda Bulaya siku gani?"

"Mama anauliza, unaenda Bulaya siku gani?"

Kana kwamba mimi kiziwi! "Umuambie siendi Ulaya wala kokote."

"Anasema haendi."

"Na ile kitanda ya muntu moja kwa picha, ni ya nani?"

Nikaeleza VPN kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi, jasho likinitoka. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mama yake. "Anasema simu iko ku Holande, yeye iko hapa."

"Aka! Basi alitanguliza simu."

Ningecheka, lakini mke wangu alikuwa ameanza kulia, machozi ya kweli, akinitazama mimi. "Miaka kumi na mbili, Papa. Na batoto?" Nikaona aibu hadi miguuni. Nikafungua simu, nikamwonyesha tamthilia yote, imepangwa sehemu kwa sehemu.

Machozi yakakauka. Alizitelezesha kwa kidole polepole, hadi chini kabisa.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Na jana, tukitazama, ulishika mudomo, ukasema 'Mama yee, anakufa'?"

Jana nilikuwa nimejitahidi sana.

"Ulikuwa unajua hafi."

"Nilikuwa najua."

Akanirudishia simu. "Kama ni Bulaya," akasema, "ningekungojea."

Jioni ile walitazama wawili, yeye na mama yake. Mimi nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, mlango umefungwa. Ilipofika pale pabaya, nilimsikia akipiga yowe, nikajua hasa ni kwa nini, na kwamba mkono alioushika safari hii si wangu, ni wa mama yake.