Kaniletee Chai

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifika mahali pa kusahau majina ya wajukuu zangu, yenyewe haitanitoka. Ni siku niliyorudi kutoka kazini nikakuta uwanja wa nyumba yangu unang'aa, na samaki wangu wote wanaelea.

Umekuja kuniuliza namna ya kufuga samaki nyuma ya nyumba na kuotesha mboga kwa maji yao. Nimekusikia, na nitakueleza kila kitu mpaka uchoke. Lakini kaa kwanza nikupe habari ya chai, maana bila chai hiyo hutaelewa kwa nini leo nimekawia kukujibu.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa kijana wa mtaa wa Buyenzi, najifunza ufundi wa magari kwa Fundi Ramazani. Garaji yake ilikuwa nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Wazungu wengi walikuwa wanaondoka, na magari yao yalibaki mikononi mwa watu ambao hawajawahi hata kufungua boneti, kwa hiyo kazi haikukosekana. Fundi Ramazani alikuwa na mikono mizuri na mdomo mzito. Alinifundisha kufungua, kuosha na kufunga. Ila kila tulipofika penyewe, pale ambapo gari bovu linageuka kuwa gari zima, alinyoosha mgongo akasema, "Saidi, enda uniletee chai." Nilikwenda. Nikirudi na gilasi, injini inanguruma sawasawa na yeye anafuta mikono kwa kitambaa. Aliinywa chai yake bila kunitazama.

Sisi wanafunzi wa garaji tulijua vizuri maana ya chai ile. Karibu kila fundi mjini alikuwa na ya kwake. Mwingine aliagiza sigara, mwingine alikutuma ukatafute spana ambayo alikuwa ameikalia. Pale penyewe mimi nilipajua kwa kuchungulia kwenye tundu la bati, na nilipokuwa fundi kamili, pale pale kwa mzee, nami nikawa na chai yangu ya kuwatuma wengine. Sikuona ubaya wowote. Tuliona ndivyo mtu anavyolinda mkate wake.

Nikamwoa Mariamu, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Jabe. Alikuwa msichana mwenye kuuliza sana, na mimi nilikuwa kijana wa majibu mafupi.

Siku moja nikaitwa Kiriri, mtaa wa wakubwa, kutengeneza pampu ya bustani katika nyumba ya mkubwa mmoja. Huko nikaona jambo. Palikuwa na hodhi la samaki, na maji yake yalipandishwa juu ya kitanda cha kokoto kilichooteshwa majani, kisha yakachuruzika kurudi kwa samaki. Udongo hakuna, na majani yamestawi kuliko yale ya ardhini. Pampu ile niliitengeneza polepole sana, nipate muda wa kutazama.

Nyumbani nilijenga hodhi la saruji kando ya ukuta. Juu yake nikatandika mapipa yaliyopasuliwa katikati, nikayatoboa chini, nikayajaza kokoto za mto Ntahangwa na kupanda mboga za lengalenga, yaani mchicha. Pampu sikuwa nayo, kwa hiyo maji tuliyapandisha kwa ndoo, asubuhi na jioni. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Ziwa liko pale chini, harufu yake inafika hadi mlangoni, na Saidi anafungia samaki wa ngege ndani ya saruji. Niliwajibu kwamba mwezi ukiwa mpevu na wavuvi wa taa hawatoki, waje kwangu kuomba kitoweo.

Ukweli ni kwamba mwanzoni nilikuwa nakisia tu. Samaki wa kwanza walikufa kwa ukali wa saruji mpya. Nikajaza maji na kuyamwaga, nikajaza na kuyamwaga, mpaka ukali ukaisha. Wa pili walikaa juu wakitweta, na mboga zikawa manjano. Nikaosha kokoto, ikawa vibaya zaidi. Basi nikakata tamaa, nikaziacha bila kuzigusa, na hapo ndipo mambo yakakaa sawa. Kokoto zikaota ute, zikawa na utelezi, samaki wakatulia, lengalenga zikawa za kijani kibichi. Nikaelewa kwamba ule ute ndio unaokula uchafu wa samaki na kuugeuza chakula cha mboga. Nikaelewa pia kwamba maji ya bomba yana dawa, lazima yakae kwanza kwenye pipa la wazi ndipo yaingie kwa samaki. Sikupaswa kujivunia, kwa sababu uvivu ndio ulionifundisha. Lakini nilijivunia.

Sasa niulize, nani alikuwa anachota ndoo zile asubuhi na jioni? Mariamu. Mgongo ulikuwa wake na sifa zilikuwa zangu. Siku moja akaniuliza, "Saidi, juu ya nini maji ya bomba tunaiweka kwanza mu pipa?" Nilikuwa nimeinama napapasa kokoto, na jibu lilikuwa mdomoni. Nikanyoosha mgongo, nikamwambia, "Enda uniletee chai."

Akaenda. Alidhani nina kiu.

Ikaja habari kwamba mama yangu anatoka Rumonge kuja kukaa kwetu. Alikuwa mgonjwa wa kifua, na nilitaka apumzike kwangu, ale samaki na mboga laini. Mariamu hakuwa amekaa na mama mkwe wake hata siku moja tangu harusi. Aliogopa, mwanangu. Mwanamke wa Buyenzi anapimwa kwa uwanja wake. Nilipokwenda kazini aliufagia, akasugua masufuria, kisha akayatazama mapipa yangu na ule utelezi wake. Akazitoa kokoto, akapiga magoti, akazisugua moja moja kwa sabuni na majivu. Hodhi nalo akalisugua. Akalijaza maji safi ya bomba na kuwarudisha samaki.

Nilipoingia jioni alikuwa amesimama kando ya hodhi, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Matumbo meupe ya ngege yalikuwa juu ya maji. Alinitazama kama mtu anayengoja kuelezwa.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimesafisha. Mama anakuja. Mawe ilikuwa na uchafu."

Majirani wale wale walionicheka walikuwa wamekusanyika mlangoni. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilimwita mjinga mbele yao, nikamwambia arudi kwao. Mariamu alifunga nguo zake katika kanga, akajitwika, akatoka kwa miguu kwenda Jabe.

Mama akafika kesho yake. Aliutazama uwanja, akauliza, "Nani amepasafisha hivi?" Nikamwambia. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia hilo pia. Mama aliketi mlangoni na mzigo wake bado mapajani, na chakula nilichomwandalia hakukigusa. Halafu baba yake Mariamu akatuma neno: Ijumaa ikipita sijaonekana, atakwenda kwa shehe, na maneno yangu yatahesabiwa kuwa talaka. Nami nikajifanya jabali. Nikasema moyoni kwamba mwenye kosa ndiye aje.

Garajini sikuficha. Nilimsimulia Fundi Ramazani yote, nikitegemea anipe haki. Wakati huo alikuwa amezeeka, macho yamefifia, anakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kusikiliza injini kwa masikio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuambia ya kama ule utelezi ndio kazi?" akauliza.

"Apana, Muzee."

"Aliuliza?"

Nikamweleza habari ya maji ya pipa, na ya chai. Nilidhani atacheka. Mzee alisugua vidole vyake kama anavyofanya mtu mwenye grisi, na grisi haikuwepo.

"Saidi, mi nilikuwa nakutuma chai juu niliogopa. Niliona mikono yako, nikasema huyu atanikamatia kazi, na watoto wangu watalala njaa. Haikuwa vizuri, lakini nilijua naogopa nini." Akanigeuzia yale macho yaliyofifia. "Na we? Ulikuwa unaogopa bibi yako atakukamatia nini?"

Nilihesabu, mwanangu. Hodhi ni letu, samaki ni wetu, mama atakayekula ni wetu sote wawili. Hakukuwa na kitu cha kunyang'anywa, ila ile raha ndogo ya kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua. Kwa raha hiyo nilikuwa nimemfukuza mke wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

"Enda," mzee akasema. "Na chai ya leo nitajipikia mi mwenyewe."

Nilikwenda Jabe na mikono ya mafuta vilevile. Baba mkwe aliponiona alisimamisha cherehani, akamwita binti yake bila kunisalimu. Mariamu akaja, akakaa mbali. Sikuanza na kuomba radhi, maana nilijua radhi tupu haitamfaa. Nilimweleza maji. Nikamweleza saruji mpya, dawa ya bomba, na ute unavyokula uchafu na kuilisha mboga. Nikamwambia kwamba samaki hawakufa kwa mikono yake, walikufa kwa mdomo wangu uliofungwa. Baba yake alisikiliza yote.

Nilipomaliza, Mariamu akasema, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Saidi, haya maneno hata sufuria ya maji haichemki, yamekwisha. Na we uliniacha mwaka nzima nachota kama punda."

Akalia. Nami nililia, mbele ya baba mkwe wangu, na sikuona haya. Nikaomba radhi. Alipojifuta uso alisema atarudi. "Lakini siku utanituma tena chai, nitakuja kuikunywa hapa kwetu, na sitarudi." Mzee wa cherehani akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Tulikuwa njiani tunarudi Buyenzi aliposimama ghafla. "Pipa ya mwisho," akasema, "ile ya karibu na choo. Sikuiosha. Sabuni ilikwisha." Nikamtazama. "Sasa si iko na ule ute? Tukichukua mawe yake, tukagawanya mu mapipa yote, haitaenea upesi?"

Mwanangu, mimi mwenye hodhi, mimi mwenye siri, jambo hilo sikuwahi kuliwaza. Alikuwa ameyajua maneno yale kwa muda wa kutoka Jabe tu, tayari alikuwa ameyapeleka mbele kuliko nilivyoyaacha. Tulifanya alivyosema. Tukaleta ngege wengine, na hawa wakakaa. Mama alikula lengalenga za mapipa yale kwa mkono wa Mariamu kabla ya kurudi Rumonge, na alirudi akipumua vizuri kuliko alivyokuja.

Mariamu ametangulia, Mungu amrehemu. Wanawake waliotucheka mlangoni ndio aliowafundisha kwanza. Ukipita Buyenzi leo na kuona mapipa yaliyopasuliwa juu ya hodhi, usiniulize mimi ni ya nani. Yalitoka kwake.

Basi sikiliza nasaha yangu. Hodhi utalijenga, si kazi. Saruji ioshe mpaka ukali uishe, maji yalaze nje, kokoto usiziguse, na uwe mvumilivu, maana mwanzoni kila kitu kitaonekana kimeharibika. Lakini lolote unalolijua kuhusu nyumba yako, lijulikane na kila mwenye kuishi humo. Ukimpa mtu ndoo, mpe na sababu ya ndoo. Ukimficha, usije ukamlaumu kwa kutojua, kwa sababu ujinga huo umempa wewe. Na hasira ikikupanda mbele ya watu, funga mdomo kwanza. Mdomo niliofunga mimi ulikuwa unatakiwa kufunguka, na nilioufungua ulitakiwa kufungwa.

Mungu akubarikie maji yako na mikono itakayoyachota. Akupe nyumba ambayo watu wake wanaulizana na kujibiana. Samaki wako waongezeke, mboga zako zisikauke, na mke wako asitoke mlangoni kwako na mzigo kichwani. Amina.

Haya, mkeo uliyemwacha nje mwite aje akae hapa kando yako. Nimekawia kwa sababu nilikuwa namngoja yeye. Chai nimeshaipika.