Kikombe cha Wageni

Enzi zetu mtoto alikuwa haulizwi. Najua nina miaka ishirini na mbili tu na watu wazima watanicheka nikisema enzi zetu, lakini wacheke. Mtoto wa mjomba wangu pale Kapsoit ana miaka mitano na kila asubuhi anaulizwa anataka kuvaa viatu gani. Anafikiria, anachagua vyekundu, kisha analia kwa sababu si vya bluu. Mimi nikimwona hivyo najihisi nyanya wa watu.

Kwetu, nje kidogo ya Bomet, viatu vilikuwa gumbuti za mpira, na gumbuti zilikuwa jozi moja tu. Mama ndiye aliyeamua yote. Sweta ya shule uliivaa kwa sababu Mama alikuwa anaona baridi. Ulishiba Mama akisema umeshiba. Jumamosi kulipopambazuka alikuwa anafungua mlango na kutangaza kwamba majani yamekomaa. Hiyo haikuwa habari, ilikuwa amri. Tuliingia kwenye chai umande ukiwa bado juu ya majani, vikapu mgongoni, nguo tumboni imelowa kabla hujafika katikati ya laini yako ya michai. Majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, na usiruke laini ya mwenzako. Ukichuma jani kubwa, Mama alilitoa kwenye kikapu chako na kukuonyesha bila kusema neno, na hapo ungetamani afadhali angesema.

Kisha kulikuwa na chai yenyewe. Tulizaliwa katikati ya chai, tukacheza kalongolongo chini ya chai, na bado majani ya kupikia tulitumwa dukani kununua kwa pakiti. Hakuna aliyeona ajabu. Mama aliichemsha na maziwa mpaka ikatoa povu, akamimina kwenye vikombe vya bati na kusema, "Kunywa." Juu yake palikuwa na utando wa maziwa, mnene, unaoganda kwenye mdomo wa juu. Niliuchukia huo utando kuliko hesabu. Niliapa kwamba nikiwa mkubwa nitanunua chujio langu na hakuna mtu atakayeniambia kitu.

Waliokuwa wanaulizwa ni wageni. Shangazi akija kutoka Sigor, Mama alifungua kabati la kioo, akatoa kikombe cha maua na sosa yake, akauliza kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kuisikia siku nyingine, "Utakunywa chai ama mursik?" Shangazi alijibu, "Chochote tu," kama inavyotakiwa, na Mama akaleta vyote viwili: chai iliyochujwa mara mbili, na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu yakiwa na vumbi lake la mkaa. Sisi tulisimama mlangoni tukimeza mate. Nilimwonea wivu shangazi. Nilidhani kuulizwa ndiyo raha ya utu uzima.

Siku moja jirani yetu, mama Moraa, mwanamke wa kutoka Kisii aliyekuwa akiuza mboga barabarani, alinikaribisha kwake na kuniuliza kama nataka uji au chai. Nilishikwa na butwaa. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nilimwomba anisubiri kidogo, nikakimbia kupanda kilima mpaka nyumbani kumuuliza Mama mimi nataka nini. Mama alikuwa anakamua. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie unataka kurudi nyumbani kukata nyasi ya ng'ombe," akasema. Nikateremka tena kilima, nikamwambia mama Moraa hivyo hivyo. Alicheka mpaka akakaa chini, na nyasi nikakata.

Basi fikiria mtu wa aina hiyo anafika chuoni. Hakuna anayekuamsha. Hakuna anayejua kama umeoga. Ukitaka kulala mpaka saa sita, lala, mhadhara hautakufuata kitandani. Mwenzangu wa chumba ni Nafula, aliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai kule Kericho, na yeye amelelewa kwa amri kama mimi. Mwanzoni tulikuwa tunasimama mbele ya kibanda cha chakula kama ng'ombe waliofunguliwa mlango wakasahau kutoka. Chapati au wali? Kila mmoja alimngoja mwingine awe mama. Sasa tumeendelea. Tunauliza simu. Kizazi chetu hakiwezi kununua soksi kabla ya kusoma maoni ya watu ambao hatujui hata miguu yao ilivyo.

Chujio nilinunua, hata hivyo. Wiki ya kwanza tu. Chai yangu ikawa safi, haina utando, na niliinywa kwa majivuno.

Likizo iliyopita nilifika nyumbani mchana. Mama alinikumbatia, akanipokea begi, akaniambia nikae kwenye kiti chenye kitambaa. Akafungua kabati la kioo. Nilimwona anatoa kikombe cha maua nikafikiri kuna mtu nyuma yangu. Kisha akauliza, kwa ile sauti, "Utakunywa chai ama mursik?"

Niliumia. Nasema wazi, niliumia sana. Jambo nililolitamani utoto wangu wote lilikuwa limekuja, na maana yake ilikuwa kwamba mimi si wa nyumba hiyo tena. Nilijibu, "Chochote tu," kwa sababu ndilo jibu nililofundishwa na macho yangu mlangoni. Vikaja vyote viwili. Chai ilikuwa imechujwa mara mbili. Nje nilisikia ndugu yangu mdogo Kiprono akiambiwa na Mama afanye haraka aende kufunga ndama, na nilimwonea wivu.

Asubuhi sikungoja. Nilivaa gumbuti za Baba, nikachukua kikapu, nikaingia kwenye chai kabla Mama hajafungua mlango. Nilichuma kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Alipokuja alisimama kichwani mwa laini, akaniangalia, akatia mkono kwenye kikapu changu. Akatoa jani kubwa. Safari hii alisema.

"Hiyo laini si yako, ni ya Kiprono. Na nani amekuambia majani ya chai inachumwa na mkono moja, hiyo ingine imeshika simu?"

Niliweka simu mfukoni huku nikicheka peke yangu kama mjinga. Tulipotoka shambani alimimina chai kwenye kikombe cha bati, akanisukumia bila kuniuliza. Utando ulikuwa pale juu, mnene, umejikunja. "Kunywa," akasema. Nilikunywa, na utando nikaumeza.

Sasa nimerudi chuoni, ninaamua tena: niamke, nisiamke, chapati, wali. Chujio limetundikwa ukutani na Nafula ndiye anayelitumia. Jioni Mama hunipigia simu kuniuliza nimekula nini. Enzi zetu hakuwa na haja ya kuuliza.